Rejeta hazichemki sawasawa: nitie dawa, nilete mashine ya kusafishia, au nibadilishe zote?

Kipupwe
Wakuu habari zenu. Mfumo wangu wa kupasha nyumba joto unasumbua. Rejeta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji moto, hazichemki sawasawa, na boila inayochemsha hayo maji inanguruma. Fundi mmoja anasema tutie dawa kisha tusuuze, wa pili anataka kuleta mashine isukume maji, wa tatu anasema nisipoteze hela, ning'oe rejeta zote niweke mpya. Wiki hii lazima niamue. Lipi bora?

Spana Mkononi
Mkuu, umeleta swali nusu. Hazichemki wapi, juu au chini? Zote au baadhi? Mabomba ya shaba, chuma au plastiki? Kuna tanki darini au ni mfumo wa presha? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Bi Mvuke
Juu baridi, chini moto: hewa. Itoe kwa ufunguo wake, maji yakianza kuchuruzika funga. Juu moto, chini baridi: tope. Za karibu na boila zinaunguza na za mbali ni baridi: maji hayagawanyiki vizuri, bana kidogo valvu za kurudisha maji kwenye zile za karibu. Na kama ni rejeta moja tu, fungua kichwa cha themostati uangalie kipini, huwa kinanata kikikaa kimefungwa muda mrefu. Hapo huhitaji dawa wala mashine.

Kipupwe
Asante dada. Baridi iko chini, hasa katikati. Hewa nimetoa, ikarudi. Mabomba ni ya shaba, hakuna tanki darini.

Spana Mkononi
Hewa inayorudi rudi mara nyingi si hewa. Chuma kikiliwa na maji hutoa haidrojeni, nayo hujikusanya juu ya rejeta. Kinachobaki ni unga mweusi, magnetaiti. Kinga maji kidogo kwenye glasi, weka sumaku ubavuni. Unga ukivutwa, ugonjwa ni huo. Halafu hujasema: presha inashuka? Kila ukiongeza maji unaingiza oksijeni mpya, kutu inapata chakula.

Jiko la Kuni
Mimi hiyo mashine sitaki hata kuisikia. Kwangu ilikuja kampuni, rejeta zenyewe za enzi hizo. Hawakukagua chochote. Wakatia asidi, wakageuza mkondo mbele na nyuma, maji yakatoka meusi tii, wote tukachekelea. Usiku zulia la sebuleni likaanza kulowa. Kumbe tope ndilo lililokuwa limeziba vitundu. Ikafuata ya chumbani, kisha viungio vya mabomba. Nikawaita, wakaniambia mfumo ulikuwa umechoka. Sasa kama umechoka mbona hamkuona kabla ya kupokea hela? Baadaye fundi mwingine akapima maji, hata dawa ya kuzuia kutu hawakuweka.

Spana Mkononi
Pole sana. Ila mashine haitoboi chuma. Presha yake ni ndogo, inachofanya ni kupitisha maji mengi kwa kasi. Zile zingevuja tu.

Jiko la Kuni
Zingevuja kwa zamu mkuu, si zote juma moja.

Bomba Jembamba
Mbona hakuna anayetaja hosi? Funga valvu zote mbili za rejeta, ng'oa, peleka nje, suuza mpaka maji yawe meupe. Ile ya kurudisha hesabu mizunguko unapofunga ili uirudishe palepale. Jiandae, iliyojaa tope ni nzito, na tope hilo likigusa zulia halitoki. Mabomba ya milimita 8 au 10 ndiyo shida, hayo huziba kabisa na mashine yenyewe huishia kupita penye njia rahisi.

Bi Mvuke
Hosi haifiki ndani ya boila. Mngurumo mara nyingi ni chokaa au tope kwenye kibadilisha joto, pale moto unapopasha maji ndani ya boila. Angalia kitabu chake: kama ni cha alumini, asidi kali itakila. Mwisho wa yote weka chujio la sumaku kwenye bomba la kurudi.

Spana Mkononi
Chujio linakamata uchafu, halizuii kutu. Dawa ya kuzuia kutu kwanza.

Bi Mvuke
Nani kasema lizuie? Vyote viwili.

Mgeni Njoo
Achaneni na maji jamani, wekeni hita za umeme.

Bomba Jembamba
Bili utalipa wewe?

Kipupwe
Nimerudi. Sumaku imevuta unga mweusi mwingi. Na presha ndiyo, inashuka, huwa naongeza.

Spana Mkononi
Ungeanza na hilo! Usitie chochote mpaka ujue maji yanaenda wapi. Mfumo ukiwa baridi presha iwe bar 1 hadi 1.5. Ikipanda sana unapowasha kisha ikaanguka ukizima, tanki la upanuzi, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, limepoteza hewa na valvu ya usalama inamwaga nje. Ikishuka taratibu siku zote, tafuta kivujio.

Jiko la Kuni
Kivujio! Si nilisema?

Mgeni Njoo
Hita za umeme hazivuji.

Kipupwe
Sasa yule wa mashine ananipigia simu. Nimwambieje?

Jiko la Kuni
Muulize nani atalipa ikivuja. Na akuandikie.