Bakuli la jikoni nimelifanya la kukorogea povu la ndevu. Linaweza kurudi kwenye chakula?

Mwana wa Isanga
Wakuu habari za jioni. Poleni na baridi mlioko Nyanda za Juu, huku Mbeya wiki hii hata maji ya bomba yanauma.

Niende kwenye mada. Ndevu zangu ni za kujikunja. Nikinyoa kwa wembe na sabuni ya kuogea, shingo yote inaota vipele kama punje za ulezi. Miezi miwili iliyopita nilikuwa Mwanjelwa, kwenye meza moja ya mtumba nikakuta brashi ya kunyolea, ile ya mpini mfupi mnene. Tukapatana sh 8,000. Sabuni yake nikaagiza Dar. Tangu hapo shingo imetulia, hata kazini wameniuliza.

Shida ni chombo. Brashi ile inataka bakuli la kukorogea povu na mimi sikuwa nalo, nikachukua bakuli moja la jikoni. Sasa nauliza: bakuli lililokorogewa sabuni ya ndevu, likioshwa vizuri, linaweza kurudi kutumika kwa chakula? Lina madhara? Naomba majibu kabla ya Jumamosi. Matusi hapana.

Kipanga wa Makambako
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Ila kwa mada hii povu ruksa.

Mama Nai
Wanaume mna kazi. Nyumba ina mabeseni, ina makopo ya rangi yaliyooshwa, wewe mkono ukaenda kwenye bakuli la chakula. Wangu aliwahi kuloweka vipuri vya pikipiki kwenye hotipoti yangu ya wali. Kwa petroli! Nilipomuuliza akajibu, "Si niliifunika?" Ni mwaka wa nne sasa, ile hotipoti tunawekea viatu vya mtoto, na kila nikiiona nasikia lile jibu upya.

Fundi Wembe
Mkuu, mimi ni kinyozi, nina kiti changu hapa Kabwe. Wengi wetu siku hizi ni mashine tu, lakini wapo wazee wawili watatu wanaotaka kunyolewa kwa wembe na povu, kwa hiyo hili nalijua kidogo.

Povu la kunyolea si povu la kufulia. Povu la kufulia ni hewa tupu, ukilipuliza linaondoka. La kunyolea linatakiwa liwe zito kama mtindi, ukigeuza brashi lisidondoke. Unaloweka brashi kwenye maji ya moto, si ya kuchemka maana nywele zinaharibika, unaikung'uta, unaizungusha juu ya sabuni nusu dakika, halafu unahamia kwenye bakuli. Maji unaongeza kwa matone. Wengi hapo ndipo wanapoharibu, wanamimina kama wanapika uji.

Bakuli la stili ni jepesi kusafisha lakini kwa baridi hii linapoa kabla hujamaliza shavu la kwanza, labda uliweke ndani ya beseni la maji ya moto. La alumini liache, sabuni inalifubaza. La mbao likikaa na maji linapasuka. Mimi natumia kikombe kipana cha chai, kile cha kauri, kinatunza joto.

Kwa hiyo kabla sijakujibu, bakuli lako ni la nini?

Mwana wa Isanga
La kawaida tu mkuu. Udongo.

Fundi Wembe
Udongo upi? Unaong'aa kama kikombe, au mkavu kama chungu?

Mwana wa Isanga
Mkavu.

Fundi Wembe
Eeh. Na povu lako linakauka upesi, au nakosea?

Mwana wa Isanga
Hujakosea. Dakika mbili tu linakuwa kama chokaa ukutani. Nilidhani ni sabuni ya magendo.

Fundi Wembe
Sabuni haina kosa. Bakuli linakunywa maji ya povu lako. Udongo usiopakwa kile kioo chake una vitundu, ndiyo maana mtungi unapoza maji, maji yanapenya yanatokea nje. Sasa kama linakunywa maji, linakunywa na sabuni, na manukato ya sabuni. Ukilisuuza umeosha uso tu. Kukudhuru sidhani, lakini chakula kitanukia.

Dkt Bila Cheti
Nyote mnahangaika na bakuli, hakuna aliyeuliza brashi. BRASHI YA MTUMBA! Ndugu yangu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, Uingereza na Marekani watu waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikutakaswa. Kimeta hiki hiki kinachoua ng'ombe wetu. Wengine walikufa. Sisemi yako inacho, siku hizi nywele zinatakaswa kiwandani, lakini wewe hujui ilipita kwenye shingo ya nani na alikuwa na mapunye au hakuwa nayo. Vifaa vya kunyolea havichangiwi. Itupe.

Kipanga wa Makambako
Hiyo brashi ni ya nywele za nini kwani? Nasikia za nyegere. Nani alimshika nyegere akamnyoa akabaki na vidole?

Fundi Wembe
Si nyegere wetu wa asali. Ni mnyama wa jamii yake wa kule China na Ulaya. Zipo na za nguruwe, zipo za nailoni. Nailoni inakauka upesi, kwa baridi ya huku ndiyo inafaa.

Binti wa Kyela
Mtoa mada, nirudi kwako. Bakuli la udongo mkavu, uko Mbeya. Lina rangi ya maziwa na michoro ya kahawia nyekundu ukingoni?

Binti wa Kyela
Naona uko mtandaoni na hujibu.

Mwana wa Isanga
Ndiyo. La Ikombe.

Binti wa Kyela
Mungu wangu. Nani alikupa?

Mwana wa Isanga
Sikutaka kuingiza mambo ya familia humu, lakini basi. Ni la mke wangu. Bibi yake alikuwa Mkisi wa Ikombe, alikuwa anafinyanga, na hilo ndilo la mwisho alilompa kabla hajafariki. Huwa anagandishia maziwa. Yuko Kyela tangu mwanzoni mwa mwezi, mama yake alikuwa mgonjwa, sasa amepona na wanakuja wote Jumamosi.

Lakini jamani tusikuze mambo. Lilikuwa juu ya kabati, halina kazi. Na sikulivunja.

Mama Nai
"Halina kazi." Mtu kaenda kuuguza mama, maziwa angegandishia hewani?

Binti wa Kyela
Kwa wasiojua: Ikombe iko mwambao wa Ziwa Nyasa, mbele ya Matema. Wafinyanzi ni wanawake, hakuna mashine, ni mkono na jicho, kisha yanachomwa. Vyungu vyao ni vyepesi ajabu kwa ukubwa wake, tangu zamani vinapakiwa mitumbwini kwenda kuuzwa vijiji vya ng'ambo. Nyumbani kwetu bibi alikuwa anaweza kukuambia chungu hiki ni cha mkono wa fulani, kwa kugusa ukingo tu. Usije ukadhani mkeo hatajua.

Mwana wa Isanga
Ndiyo maana nauliza namna ya kuondoa harufu. Na hili la mistari nalo, kama kuna mtu anajua.

Fundi Wembe
Mistari gani?

Mwana wa Isanga
Niliona kwamba mabakuli maalumu ya kunyolea yana matuta ndani ili brashi ikwaruze na povu likolee. Langu lilikuwa laini. Nikachana kidogo kwa msumari. Duara tatu tu, chini kabisa.

Kipanga wa Makambako
🙆🏾‍♂️

Mama Nai
Duara TATU.

Fundi Wembe
Matuta ni kweli yanasaidia. Lakini mkuu, matuta unayawekea bakuli lako.

Mwana wa Isanga
Naomba tuelewane. Mimi ndiye niliyepakia hilo bakuli kwenye gari tulipohama Kyela, nikalishika mapajani njia nzima hadi Mbeya, Tukuyu mvua inanyesha. Kwa hiyo si kwamba silithamini. Na suluhisho nimeshaanza nalo: kuna kijana wa Matema nimemtumia sh 15,000 pamoja na nauli aniletee linalofanana. Likifika Ijumaa nitaliweka juu ya kabati, hili la zamani nitabaki nalo bafuni. Kila mtu ana lake. Ninachouliza ni kitaalamu tu, namna ya kulifanya jipya lionekane la zamani. Moshi wa kuni? Majani ya chai?

Binti wa Kyela
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri. Umekuja kutafuta washirika.

Mlevi wa Ulanzi
Kamwene. Mimi niko Ifunda, Iringa, nawashangaa. Mianzi imejaa, kata pingili moja pana, acha fundo chini, una kikombe cha povu mpaka uzeeke. Sisi mbeta zinakaa na ulanzi usiku kucha hazivuji. Kiangazi hiki ulanzi hakuna, ndiyo maana niko mtandaoni.

SwaliMojaTu
Samahani kwa kuingilia msiba. Nina swali moja tu.

Mtoa mada, nimepitia nyuzi zako za nyuma. Mwaka jana mwezi wa tatu uliandika: "Sisi mabachela wa Iringa mjini, mama ntilie gani anapika maharage yasiyo na mawe?" Leo una mke, mke ana bibi, bibi ana bakuli, bakuli umelibeba mapajani kwenye mvua ya Tukuyu. Hii ni chai, wakuu. Tena ya Rungwe, imeiva.

Kipanga wa Makambako
Duh. Ngoja nilete andazi.

Dkt Bila Cheti
Nilihisi. Hakuna mtu anayechana bakuli la mtindi kwa msumari katika maisha halisi.

Mama Nai
Hotipoti yangu ililowekwa plagi katika maisha halisi, baba. Wanaume wanachana.

Mwana wa Isanga
Nilikuwa Iringa kikazi miezi sita. Mke alikuwa Mbeya. Bachela nilimaanisha wa kupika.

Mama Nai
HAPO SASA. Wa kupika!

SwaliMojaTu
Kwenye uzi huohuo kuna dada alikuuliza kama umeoa, ukamjibu "bado natafakari".

Mwana wa Isanga
Ilikuwa utani. Tafadhali turudi kwenye bakuli.

Mama Nai
Hapana, tubaki hapohapo kwanza. Mtu anayemficha mke wake bakuli, anamfichaje dada wa Iringa? Wanangu mnaosoma humu, bakuli ni dalili.

(Hapa zilifuata kurasa mbili za ndoa za mbali, uhamisho wa watumishi, na mtu aliyeuza friji.)

Mzee wa Katumba
Mugonile wote. Nimesoma toka mwanzo, wajukuu mna kelele. Kama ni chai au si chai mimi haijaninyima usingizi, bakuli la namna hiyo nimelijua.

Kijana, baba yangu alikuwa mpishi kwenye shamba la chai. Alinyoa kila alfajiri kwa kikombe cha bati, kile cheupe chenye mdomo wa bluu, kimeng'oka rangi hapa na pale. Siku kikombe kikikosekana alipaka sabuni kwenye ndevu zilizolowa, akazungushia brashi usoni mwenyewe. Povu linakolea hapohapo, na ndevu zinalainika kuliko la bakuli. Ulikuwa huhitaji bakuli tangu siku ya kwanza. Hata kiganja kinatosha. Na kwa vipele vyako, nyoa kufuata zinakolala nywele, usivute ngozi, usirudie rudie mahali pamoja. Ndevu za kujikunja zikikatwa chini ya ngozi zinarudi kuingia ndani.

Bakuli loweka kwenye maji ya moto bila sabuni. Mwaga, loweka tena, mpaka liache. Usichemshe juu ya moto, litapasuka. Na huyo kijana wa Matema mwambie abaki na nauli yake.

Mwana wa Isanga
Ndaga fijo mzee. Nimeanza usiku huu.

Mwana wa Isanga
Maji ya kwanza, povu. Ya pili, povu.

Kipanga wa Makambako
Tupo.

Mwana wa Isanga
Maji ya nne, povu jembamba pembeni. Luku imekata, nachemsha kwa mkaa.

Mwana wa Isanga
Maji ya saba. Povu hakuna. Nikinusa, bado limau. Nimeweka maziwa nusu kikombe, nione asubuhi.

Binti wa Kyela
Asubuhi imefika.

Mwana wa Isanga
Yameganda vizuri. Yana ladha ya saluni.

Fundi Wembe
Endelea kuloweka, udongo unaachia polepole. Ile mistari ina kina gani? Lipige picha mwanga ukitokea pembeni, mistari ionekane.

Mwana wa Isanga
Picha inagoma kupanda. Mtandao huku leo uko chini. Na mke kapiga simu, wameshapanda gari, kumbe mama mkwe hataki kusubiri Jumamosi.

SwaliMojaTu
Picha imegoma. Naam.

Mwana wa Isanga
Ndugu, wako Tukuyu sasa hivi. Nikuthibitishie nini?

Kipanga wa Makambako
Mkuu, katikati ya haya yote, ile brashi kama Dokta kakutisha, mimi kimeta sikiogopi. Nakupa sh 5,000, iweke kwenye basi la kuja Makambako.