Tupeane uzoefu: moyo ukichafuka ukiwa kwenye usukani, unafanya nini?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Ulevi, mwendo kasi na matairi vipara tumevijadili sana, ila hali ya moyo wa dereva tunaipita juu juu. Mtu akilewa tunamnyang'anya ufunguo. Akitoka kugombana huku mikono inamtetemeka, tunamwambia safari njema. Hilo linanisumbua.

Mwaka 2016 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia madereva zaidi ya 3,500 kwa kamera zilizofungwa ndani ya magari yao. Aliyeonekana waziwazi ana hasira, huzuni, analia au amehamaki, hatari yake ya kupata ajali ilikuwa karibu mara kumi ya dereva makini aliyetulia. Kutumia simu ya kushika mkononi, ambako sote tunakuogopa, kwa ujumla kulikuwa kama mara tatu na nusu.

Naomba kila mtu aeleze yaliyomkuta na alichofanya. Mawaidha ya jumla tunayo ya kutosha.

Tela Refu
Mimi ni dereva wa lori. Kuchomekewa ni jambo la kila siku: unaacha nafasi mbele, gari dogo linaingia, kisha linakanyaga breki. Damu inachemka, siwezi kusema haichemki.

Nimejizoeza kutomtazama dereva usoni. Nikishauona uso wake, ugomvi umepata mtu. Nisipouona, lile ni gari tu lililoingia mbele yangu. Halafu naachia mafuta mpaka nafasi yangu irudi. Ukiwa kwenye 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde, na hapo mguu haujafika hata kwenye breki. Lori lenye mzigo halisimami kama gari dogo. Akiingia mwingine, naachia tena. Vijana wananiambia kwamba kwa mtindo huo sitafika. Nafika.

Nuru
Yangu ni huzuni. Baba alipofariki, mimi nilijiona niko sawa kabisa. Sikulia, nilipanga kila kitu, nikachukua ufunguo tuelekee msibani. Dada yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Kaa nyuma na mama, anakuhitaji. Mimi nitaendesha." Mpaka leo namshukuru kwa namna alivyolisema, maana angeniambia siwezi, ningebisha.

Baada ya mazishi ilibidi nirudi kazini, na hapo ndipo nilipoielewa huzuni. Hasira unaisikia mwilini, lakini huzuni inakuondoa barabarani kimya kimya, macho yako wazi na huoni. Nilichokifanya ni kusema kwa sauti kila ninachokiona: taa imekuwa nyekundu, mtoto kulia, basi linawasha indiketa, pikipiki nyuma. Ukitamka unalazimika kutazama.

Mleta mada
Pole sana, Nuru. Hukuchoka kusema safari nzima?

Nuru
Nilichoka, ndiyo. Nikichoka naegesha mahali salama. Njia ndefu nilimwachia mwingine kwa muda.

Mwalimu wa Gia
Nuru, hilo ulilolifanya hufundishwa kwenye mafunzo ya juu ya udereva. Umelifikia mwenyewe.

Mimi nafundisha watu kuendesha, kwa hiyo nakaa kiti cha pembeni nikiangalia hasira inavyoingia. Mwanafunzi akikasirika, kitu cha kwanza anachokiacha ni vioo. Anaganda na kile kilichomuudhi mbele yake. Nyuma na pembeni havipo tena. Kisha mabega yanapanda, vidole vinaubana usukani, na mguu wa kulia unazidi kuwa mzito bila yeye kujua. Kwa hiyo nawaambia: ukigundua hujatazama kioo kwa muda, jiulize una nini moyoni.

Tukifika hapo tunatafuta mahali panaporuhusiwa kusimama, tunavuta breki ya mkono, tunazima injini. Anatoa pumzi polepole, ndefu kuliko aliyoivuta, maana ni kule kuitoa kunakopunguza mapigo ya moyo. Kupoa kunachukua muda. Mwili ukishamwaga adrenalini hautulii kwa sababu tu umeamua kutulia. Wengi huniuliza wasubiri dakika ngapi. Mimi nauliza hivi: bado unatunga maneno ya kumjibu yule mtu? Kama ndiyo, hujapoa.

Kipepeo
Mbona hamtaji furaha? Kaka alikuwa anaendesha, mimi pembeni, simu ikaingia kwamba wifi amejifungua salama. Gari zima vigelegele! Nikaona mshale wa mwendo unapanda na kaka anacheka tu. Nikamwomba asimame tuwapigie watu wote. Tulisimama, tukalia, tukapiga simu, ndipo tukaendelea.

Mama Wawili
Mimi siendeshi, lakini nimekaa sana pembeni ya mume mwenye hasira. Ukimwambia "punguza mwendo" anaongeza. Nimeona kinachofanya kazi ni kuomba kitu changu: "Baba, naomba tusimame ninywe maji." Anasimama, na kusimama ndiko kunakomtuliza, si maji.

Tela Refu
Mama Wawili, hiyo ni hekima, ila mweleze pia akiwa ametulia nyumbani. Asipojua hali yake, siku haupo nani atamwomba maji?

Mama Wawili
Nilimweleza, na alikubali. Tena tumewekeana sharti la simu: anayepiga huanza kwa kuuliza, "Uko kwenye usukani?" Kama jibu ni ndiyo, mambo mazito yanasubiri: ada, ugonjwa, lawama, yote. Simu ya spika haisaidii hapo, kwa sababu mikono inakuwa huru lakini akili imeshaondoka.

Mgeni Humu
Mimi nina woga. Niligongwa kwa nyuma, sikuumia sana, lakini kila gari likinisogelea nyuma moyo unadunda na najikuta nakimbia. Nimeshaogopa hata kuwasha gari. Kuna aliyepitia?

Mwalimu wa Gia
Pole sana, ndugu yangu. Nimewapokea watu wa hali yako. Usianze na barabara yenye magari mengi. Chukua mtu unayemwamini akae pembeni, zunguka njia fupi unayoijua saa ambayo magari ni machache, na urefushe kidogo kidogo. Akikusogelea mtu nyuma, usiongeze mwendo. Ongeza nafasi mbele yako ili usilazimike kufunga breki ghafla, na penye nafasi mwachie apite. Kama ajali inakurudia usingizini au moyo unadunda hata ukiwa nyumbani, muone daktari au mshauri nasaha, kwani hali hiyo ina matibabu. Unaishi na mtu anayeendesha, anayeweza kukaa nawe hizo safari za kwanza?

Mgeni Humu
Yupo, shemeji yangu. Nitamwomba Jumapili asubuhi.