Tuliosoma uchumi na hesabu kwa pamoja chuoni, tupeane uzoefu

Mpwa wa Lambda (mleta mada)
Wakuu salaam. Dogo wa jirani kamaliza form six na EGM yake (uchumi, jiografia, hesabu), ananiuliza asome uchumi na hesabu kwenye digrii moja au achague kimoja. Kabla sijamjibu nikakumbuka epsiloni na delta, zile herufi za kuthibitishia vikomo, tumbo likanikata. Mliopita huko tupieni yenu, nitamsomesha dogo uzi mzima.

Kimbweta
Nawahi siti ya mbele.

Dada Takwimu
Ngoja nitoe la kwangu maana nimelibeba muda mrefu. Shida ya hii digrii si ugumu, shida ni kwamba huna kwenu. Una idara mbili na kila moja inakuona mgeni wa mwenzake.

Mwaka wa pili testi ya maikro (uchumi wa mtu na kampuni) na testi ya analisisi (hesabu za kuthibitisha vikomo na mifuatano) zikapangwa siku moja, saa ile ile. Naenda idara ya hesabu, katibu muhtasari hata kichwa hainui: "Nenda uchumi wakusogezee." Nashuka uchumi: "Huku tuna ukumbi mzima, hatusogezi kwa ajili ya watu wachache. Rudi hesabu." Jua la saa saba, desa kwapani, napanda ngazi nashuka ngazi. Nikaishia kufanya maikro, hesabu wakanipa testi maalumu. Hiyo testi maalumu nikakalishwa ofisini kwa lekchara, uso kwa uso, yeye anatafuna hindi la kuchoma. Swali la kwanza: thibitisha kwamba kila mfuatano wenye mipaka una mfuatano mdogo unaofikia kikomo. Bolzano-Weierstrass! Usiku wake nilikuwa nayo kichwani mstari kwa mstari. Sasa kila nikiandika anachungulia, anaguna "mmh". Jamani ile mmh! Sikujua kama ni hindi tamu au nimeharibu. Koswaki, alama za muhula, ikafia pale pale, UE ya mwisho wa muhula nikaingia natetemeka.

Kimbweta
Katibu muhtasari huyo yupo kila chuo 😂

Nguchiro
Poleni, ila tuseme ukweli. Hesabu za uchumi si hesabu. Dirivativu mbili, grafu moja, mtu anajiita mwanahesabu.

Fundi Saa
@Nguchiro kamsome Debreu, kitabu chake cha 1959. Theoremu na uthibitisho mwanzo mwisho. Akapewa Nobel ya uchumi 1983.

Nguchiro
Debreu kasomea hesabu Paris, akahamia kwenu. Mnaazima watu halafu mnajisifu nao.

Fundi Saa
Na Nash je, mwanahesabu wenu? 1950 kathibitisha usawa wake kwenye michezo, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili mbinu peke yake, kwa kutumia theoremu ya Kakutani. Nobel aliyopata 1994 ni ya uchumi, maana ya kwenu haipo kabisa.

Nguchiro
Tusitukanane.

Mpwa wa Lambda
Mnagombania marehemu. Dogo anataka kujua kama inasomeka.

Shemeji wa Lagrange
Inasomeka, na kuna siku inakuwa tamu. Kwenye darasa la hesabu lambda, ile ya njia ya Lagrange ya kutafuta kilele ukiwa na kikomo, ilikuwa herufi tu, unaitafuta ili uifute. Uchumi ndio wakanipa kazi yake. Chukua bidhaa mbili, x shilingi 2, y shilingi 1, mfukoni una 100, na kuridhika kwako ni x mara y. Ukipiga Lagrange unanunua x 25 na y 50, kuridhika 1250, lambda 25. Sasa jiongezee shilingi moja, upige upya: 1275 na ushee. Imepanda 25 na kitu, yaani lambda ilishakwambia thamani ya shilingi moja zaidi kabla hujaipata. Nilirudia hesabu ile kwenye karatasi ya chapati, sikuamini.

Dada Takwimu
Hapo umesema. Hicho ndicho kilinifanya nisihame.

Mtoto wa Reli
Mie sikusoma hiyo digrii ila nililala chumba kimoja na aliyeisoma. Jamaa kipanga, katoka Kigoma na matokeo ya kutisha. Analisisi ikamkamata mwaka wa pili, akapiga sapu (mtihani wa marudio), ikamrudia, akadisko, chuo kikamfuta. Nyumbani hakusema neno. Akabaki mjini, asubuhi anaoga, anabeba begi, anaingia lekcha kama kawaida, jioni vimbweta. Bumu la mkopo limekatwa, anaishi kwa kuwafundisha wenzake wa mwaka wa kwanza hiyo hiyo analisisi. Siku ya mahafali wazazi wakaja na treni, mama na vitenge vya sare, shangazi na mashada. Jamaa kakodi joho! Kakaa nao nje ya uwanja, anapiga picha. Mdogo wake wa kike akachukua kile kitabu cha wahitimu, akaanza kutafuta jina kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa...

Kimbweta
Weweee usikatie hapo!!

Nguchiro
Chai hii. Lete na vitafunwa.

Mtoto wa Reli
Chai kwako. Dada mtu alifunga kitabu, hakusema kitu mbele ya wageni. Baba aliambiwa wiki ile ile wakiwa bado mjini. Alinyamaza hadi siku ya kupanda treni, akamwambia: "Na wewe panda."

Fundi Saa
Yuko wapi sasa?

Mtoto wa Reli
Ana twisheni ya hesabu za form five na six, imejaa. Wazazi wanampelekea watoto wao, cheti hawamuulizi.

Jirani wa Namanga
Huku Kenya nami nilisoma hizo mbili. Kwa benki nilipoitwa intavyu hakuna aliyeniuliza theoremu hata moja, waliniuliza kama najua Excel. Mwambie dogo ajifunze programu za takwimu mapema, R au Python, asingoje mwaka wa mwisho.

Shemeji wa Lagrange
Asimsikilize. Aishike analisisi kwanza, hizo programu utajifunza hata kwa simu.

Dada Takwimu
Python kwa simu? 🙄 Achague idara moja iwe ndiyo kwao, aandikiane na mratibu kwa barua, kila mgongano wa ratiba abaki na karatasi.

Kimbweta
Au auze simu Kariakoo, lambda ataiona kwenye faida.

Mpwa wa Lambda
Dogo kasoma mpaka hapa. Anasema basi atasoma ile ya bima, akchuaria.

Nguchiro
😂😂 Huko digrii ikiisha ndio mitihani inaanza. Ile ya bodi ya Uingereza watu wanaifanya wana watoto wanaosoma.