Ukoo wa Kuka: tiketi za sumo

*07:12* Senje Rose: Hamjambo ukoo. Mahafali ya Brian huko Japani ni Septemba, na mashindano ya sumo, ile mieleka yao, Tokyo ni mwezi huohuo, siku 15 mfululizo pale ukumbi wa Ryogoku. Nani anakwenda? Jibuni HAPA, si inboksi.

*09:40* Senje Rose: Tiki za buluu nimeziona.

*09:58* Kevo: Si ni wale majamaa wa nepi? 😂

*09:59* Mama Brian: Kevo! Jamani, na viza je?

*10:15* Brian: Inaitwa mawashi bwana. Senje, chini kuna vizimba vya watu 4, mnavua viatu mnakalia mito. Viti viko ghorofani.

*10:16* Senje Rose: Kizimba! Mimi, Baba Brian, Mama Brian na babu yenu Kuka. Pesa kwangu kufikia Ijumaa.

*10:31* Anko Ben: Na mimi?

*10:32* Senje Rose: Ben, si umesoma watu ni 4.

*10:33* Anko Ben: Kama siku ya kutazama fahali wakipigana Malinya tu. Gari limejaa, Ben abaki stejini na mizigo ya watu.

*10:33* Senje Rose: Lile gari sikulipanga mimi.

*10:34* Anko Ben: Nani alikaa mbele?

*10:40* Kevo: Swali muhimu. Wanapewa pombe ya busaa kwanza kama fahali wetu?

*10:52* Brian: Chumvi 😂 Wanairusha ulingoni kuutakasa. Wanachuchumaa, wanakodoleana macho, wanarudi pembeni, chumvi tena. Wakishikana ni sekunde chache tu. Ukitoka nje ya duara, au ukigusa chini na chochote zaidi ya nyayo, kwisha.

*10:53* Kevo: Fahali wa Malinya wana bidii kuliko hao.

*10:55* Senje Rose: Mimi nitapiga picha nimesimama ulingoni.

*10:56* Brian: Senje, wanawake hawaruhusiwi kupanda pale.

*10:56* Senje Rose: Tutaona.

*11:20* Mama Brian: VIZA?

*13:05* Kevo: Niko na Kuka hapa Shinyalu. Anasema niandike hivi: "Magoti yangu hayakai sakafuni. Na Ben asipokwenda, mimi pia nabaki."

*13:41* Mama Brian: Sawa Baba.

*13:44* Senje Rose: Sawa Mzee. Basi viti vya juu, watu 5. Ben, tuma pesa.

*14:10* Anko Ben: Nitafikiria.

*14:12* Brian: Msikimbilie kufika asubuhi, wapiganaji wakubwa huingia kama saa tisa na nusu alasiri. Yokozuna, bingwa wa cheo cha juu kabisa, hufunga karibu saa kumi na mbili jioni.

*21:47* Jackie: Nilikuwa kazini. Nihesabuni na mimi. Ama gari limejaa?

*21:49* Anko Ben: 😂😂