Picha za zamani za Wilson: hawa vijana wanafanya nini mbele ya ndege?

Jirani_wa_Langata

Hamjambo wadau. Tunaandaa maonyesho madogo ya picha za uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi, nyingi za enzi zile ukiitwa Nairobi West. Picha zenyewe ni safi, ila nyuma yake yameandikwa majina ya waliokaa ndani ya ndege, basi. Wageni wengi watakuwa wazee waliofanya kazi pale, kwa hiyo maelezo ya kubahatisha hayatapita. Naomba msaada:

Picha ya kwanza: ndege ya mabawa ya ghorofa, rubani ndani, kijana mmoja ameweka viganja kwenye propela, mwingine ameinama karibu na gurudumu.

Ya pili: mtu yuko juu karibu na bawa, anamimina petroli ya debe kwenye faneli iliyotandikwa kitu kama kitambaa.

Ya tatu: kikundi kinacheka kando ya duara la chokaa nyasini, mikononi wana vifuko vya karatasi.

Halafu, mbona karibu zote ni za asubuhi? Vivuli ni virefu na vimelala upande wa Ngong.

Magneto_Kushoto

Anza kwa kuitambua ndege. Hizo ni Moth, ndege ndogo za De Havilland ya Uingereza, na Moth si moja. Tazama pua. Silinda zikiwa zimesimama na vichwa vyake vimechomoza juu ya bodi, hiyo ni Gipsy Moth. Pua ikiwa imeteremka laini, silinda zimepinduliwa kichwa chini, na mabawa yamerudi nyuma kidogo, ni Tiger Moth.

Kazi wanayofanya ni kuwasha injini kwa mkono. Ndege hizo kwa kawaida hazikuwa na stata, na breki pia hazikuwa nazo, ndiyo maana yule wa gurudumu ameinama: anaweka kabari. Aliyeshika propela ndiye anayeongoza mazungumzo, na rubani hurudia kila neno kabla ya kugusa chochote. Kwa injini baridi mpangilio ni huu: swichi zimezimwa, petroli imefunguliwa, throtoli (kidhibiti cha nguvu ya injini) imefungwa. Kijana anabonyeza kipini cha kabureta mpaka petroli idondoke kwenye kibomba cha chini. Anazungusha propela taratibu, mapigo manne hivi, ili silinda zivute. Hapo rubani anafungua throtoli kiasi cha upana wa kidole, wanaitikiana “kontakti”, swichi inawashwa, na bapa linavutwa chini mara moja kwa nguvu huku mwili ukipisha pembeni.

Viganja viko bapa kwa sababu maalum. Injini ikipiga kinyume, vidole vilivyokunjwa kwenye ukingo vinakwenda nayo. Na ukiizungusha taratibu utasikia “tak”: ni springi ya magneto, kifaa kinachozalisha cheche za injini, ikifyatuka ili cheche iwe kali hata kwa mwendo mdogo. Isiposikika, unaweza kuvuta mpaka jioni.

Hatari kubwa iko kwenye swichi. Swichi ya magneto haifanyi kazi kama ya taa ya nyumbani. Kuizima ni kuunganisha waya mmoja na bodi ya ndege ili cheche ipotelee huko. Waya huo ukikatika, swichi inaonyesha imezimwa na magneto iko hai, na propela ikiguswa tu injini inaweza kushika. Kwa hiyo kabla ya kuzima ndege, rubani makini hukata swichi sekunde moja injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, fundi anaambiwa na propela haiguswi na mtu.

Injini ikifladi, yaani ikizidiwa na petroli: swichi zizimwe, throtoli ifunguliwe yote, propela izungushwe kinyume mapigo kadhaa ili petroli ya ziada itoke, kisha mnaanza upya. Wengi huharibu hapa kwa kusahau kurudisha throtoli. Injini inashika kwa nguvu zote, na kilichobaki kati ya kijana na ndege ni zile kabari.

Debe_na_Faneli

Ya pili: hicho si kitambaa, ni ngozi laini ya kuchujia. Hupitisha petroli na kuzuia maji, ila sharti ilowe petroli kwanza. Ikiwa imelowa maji, labda ya umande au mtu aliisuuza, itapitisha maji vizuri tu na mtadhani mmechuja.

Debe ni lile lile la galoni 4, lita 18, tunalopimia mahindi sokoni. Tangi la Tiger Moth limekaa katikati ya bawa la juu na linachukua galoni 19, yaani kama lita 86. Hesabu madebe manne na robo tatu, kila moja kilo 13 hivi za petroli, yakipandishwa kwa mkono. Mmoja anamimina, mwingine anampokeza kutoka chini. Ukiikuza picha utafute waya mwembamba kati ya debe, faneli na ndege. Petroli ikipita kwenye ngozi huzaa umeme tuli, na waya huo unazuia cheche kuruka mdomoni mwa tangi.

Maji yanatoka wapi? Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku na unyevu wake unageuka matone ndani kama umande. Baridi ya Julai hapa Nairobi mnaijua. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini, na chini ndiko bomba la injini linakoanzia. Dawa ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi, kisha asubuhi mnafungua koki ya chini na kutazama kilichotoka kwenye glasi.

Futi5500

Kuhusu asubuhi. Uwanja uko futi 5,500 na ushee juu ya bahari. Kwa kimo hicho jotoridi la kawaida la hesabu za ndege ni nyuzi 4 tu. Asubuhi ikiwa nyuzi 14, umezidi kwa 10. Hewa ya joto ni nyepesi kama ya juu zaidi: kila nyuzi iliyozidi inaongeza kama futi 120, kwa hiyo ndege inajiona iko futi 6,700. Saa nane mchana ikiwa nyuzi 26, inajiona iko futi 8,100, na haijatoka hata kwenye nyasi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ya farasi 100 inakupa 75 hivi. Bawa nalo linahitaji mwendo wa kweli mkubwa zaidi, karibu asilimia 12 au 13 kuliko usawa wa bahari, kabla ya kubeba uzito ule ule. Nguvu imepungua na mwendo unaotakiwa umeongezeka, ndiyo maana kiwanja kinaonekana kifupi ghafla.

Hata leo mwanafunzi aliyefundishwa Malindi akija Wilson huacha mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwa mzito, yaani petroli nyingi, kama alivyozoea pwani. Injini inakohoa na plagi zinashika masizi. Afungue nguvu zote, apunguze petroli mpaka mizunguko ifike kilele, kisha airudishe kidogo.

Magneto_Kushoto

Umesahau presha. Nairobi presha ya usawa wa bahari mara nyingi iko juu ya hektopaskali 1013, kiwango cha kawaida cha hesabu. Ikiwa 1022, toa kama futi 250 kwenye hesabu zako zote mbili. Tofauti kati ya asubuhi na mchana inabaki pale pale, hilo nakubali.

Ongeza upepo pia. Jua likishapasha nchi tambarare za kuelekea Athi, hewa inapanda kwa mafungu na vumbi linazunguka. Ndege isiyo na breki, yenye ukucha wa chuma mkiani badala ya gurudumu, inageuzwa na upepo wa ubavuni hata ikiwa chini. Ndiyo maana utaona mtu anatembea ameshika ncha ya bawa. Asidhaniwe amejipanga apigwe picha.

Unga_Nusu_Kilo

Ya tatu ni mashindano ya kulenga kwa unga, mchezo wa vilabu vingi vya ndege. Rubani anapita juu ya duara, mwenzake anaachia kifuko. Wageni karibu wote hukosea namna moja: wanaachia wakiwa juu ya duara kabisa. Kwa futi 300 na mwendo wa noti 60 (kama kilomita 111 kwa saa), kifuko kinachukua sekunde nne na kitu kufika chini, na muda huo kimesonga mbele mita 130 kasoro kidogo kwa sababu hewa inakizuia. Mwachiaji asipomjua rubani wake, kwamba ana kawaida ya kupita chini kidogo au kukimbia, unga unaliwa na nyasi. Kifuko kisukumwe kuelekea chini, kisirushwe nyuma. Kikirushwa nyuma kinaweza kugonga mkia.

Jirani_wa_Langata

Asanteni sana. Bado moja: ubavuni mwa ndege kuna herufi zinazoanza na VP-K. Na huyu kijana wa propela hana jina popote. Niandike “msaidizi”?

Futi5500

VP-K ni usajili wa Kenya ya mkoloni. VP-U ilikuwa Uganda, VR-T Tanganyika. Baada ya uhuru zikawa 5Y, 5X na 5H. Jina la Wilson, kwa heshima ya Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, uwanja uliupata 1962. Picha ya kabla ya hapo iandikwe Nairobi West. Klabu ya ndege yenyewe, Aero Club of East Africa, ni ya 1927, kwa hiyo isichanganywe na umri wa uwanja.

“Msaidizi” usiandike. Mpaka injini ishike, amri ni zake na rubani ndiye anayetii. Andika kazi: “anawasha injini”, “anaweka kabari”, halafu acha nafasi ya jina. Chapisha nakala za kawaida za karatasi, uzipeleke kwa wazee kabla ya maonyesho pamoja na penseli, na uwaulize wawili wawili. Mmoja akikumbuka hanga (banda la ndege), mwingine atakumbuka aliyefanya kazi humo.

Debe_na_Faneli

Na kabla ya kuchapisha hakikisha herufi za ubavuni zinasomeka. Zikisomeka kinyume, negativu iliwekwa upande usiofaa, na kijana wako ataonekana anavuta propela kwa mkono ambao sio.