Korosho ni "sekta ya kipaumbele", halafu kiwanda hakipati korosho. Huu ni mpango gani?

Wakuu, kila bajeti hapa Tanzania tunasomewa kuwa ubanguaji wa korosho (kuitoa kiini kwenye ganda) ni kipaumbele cha taifa. Nani alikaa akapiga hesabu? Tumeshaumwa na nyoka huyu. Serikali ilijenga viwanda 12 kwa mikopo huku mavuno yakiporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mashine zikakosa cha kubangua, majengo yakageuzwa maghala.

Leo korosho zipo, mtaji ndio haupo. Mavuno ya Mtwara na Lindi yanaingia mnadani kuanzia Oktoba, na wiki chache tu mzigo umeisha. Mbanguaji anayetaka kazi ya mwaka mzima lazima anunue yote hapo hapo. Kiwanda kinachobangua tani 2,000 kwa mwaka, bei ikiwa Sh 3,000 kwa kilo, kinahitaji Sh bilioni 6 taslimu. Kwa riba ya asilimia 15, hata kama deni linapungua kadiri anavyobangua, riba peke yake inafika kama Sh milioni 450. Anayeshindana naye ananunulia viwanda vya India na Vietnam: anapakia meli, na msimu wa Afrika Magharibi ukifungua mwanzoni mwa mwaka anahamia huko. Yeye halazimiki kulaza mzigo wa miezi 12.

Mwenye pesa kidogo anaishia kuokota masalia ya minada ya mwisho. Korosho ikizidi unyevu wa asilimia 10 inaota ukungu ghalani. Korosho hupikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa; mvuke usipotosha, kiini kinang'ang'ania ganda na kupasuka kwenye kisu. Kilo nne na ushee za ghafi ndizo zinazotoa kilo moja ya kiini, na kiini kikishakuwa vipande bei inashuka vibaya. Halafu mtu anakuja kusema wabanguaji wetu hawana ujuzi!

Tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, ilikuwepo kumbeba mbanguaji na mkulima. Mwaka 2018 ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao, ikiwemo ya salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia mikorosho, ikahamishiwa Hazina. Kipaumbele gani hicho kilichonyang'anywa fedha yake?

Wizara ijibu: kwa nini kiwanda kisikopeshwe kwa dhamana ya stakabadhi ya ghala (hati ya mzigo uliohifadhiwa), mzigo ubaki ghala kuu, kilipie kila kinapochukua? Mkopo wa msimu wenye riba nafuu uko wapi? Tunataka tarehe na kiasi.