Ushauri: Mwanafunzi wangu anapiga hesabu kichwani upesi, kwenye karatasi anapotea

Mwl_Kanda_ya_Ziwa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati Kidato cha Pili, shule ya kata. Nina kijana ambaye alfajiri humsaidia mama yake kuuza dagaa mwaloni. Muulize sado tatu na nusu kwa 4,500 kila moja, hujafunga mdomo kashakujibu: 15,750. Mpe hesabu hiyohiyo kwa Kiingereza, aonyeshe njia, anaacha ukurasa mweupe. Jirani yake, binti wa mtumishi wa umma, hukosea kuzidisha lakini anauliza "kwa nini", anajaribu njia nyingine, anabishana nami. Wenzangu ofisini wanasema binti ana akili, kijana mzito. Mimi nakataa. Upimaji wa kitaifa ni Novemba. Nimsaidieje?

MamaK
Mwalimu, mimi nilikuwa huyo kijana. Kwetu, mtoto kumuuliza mkubwa "kwa nini" ni utovu wa adabu. Nilifika sekondari najua kutii na kukariri, kubisha sijui. Usimsimamishe ubaoni kwanza, ataganda. Amweleze mwenzake kwa Kiswahili.

Fundi Mchundo
Mtihani ni Kiingereza, mkuu. Msimdekeze.

Chaki_Nyeupe
Fundi, Kiingereza kitakuja, ila kianzie kwenye anachokijua. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil walichapisha waliyoyaona kwa watoto wachuuzi wa Recife. Wakiulizwa kwenye biashara, walipatia karibu maswali yote. Hesabu zilezile zikiandikwa namba tupu, walipatia chini ya nne kati ya kumi. Mtoto wa sokoni huvunja namba vipande halafu hujumlisha. Wako naye: 4,500 mara tatu ni 13,500, nusu ya 4,500 ni 2,250, jumla 15,750. Hiyo ndiyo kufungua mabano, 4,500 × (3 + ½)! Anaifanya kila alfajiri, hajaambiwa tu kwamba ina jina. Akutajie, wewe uandike, kisha kalamu iwe yake.

Mwl_Kanda_ya_Ziwa
Mrejesho, wakuu. Leo kaandika mistari mitatu kwa mkono wake. Binti akamuuliza, "Kwa nini umeanza na tatu?" Kijana kanyamaza muda mrefu, kisha: "Kwa sababu mteja huanza na sado nzima." Nimewaweka dawati moja. Bado Kiingereza kinanisumbua, mwenye mbinu aendelee kushusha.